Barua Tatu Katika Jalada la Michango

Mwaka 1971, nikiwa mwanachuo wa ualimu, tulikuwa na somo la uendeshaji wa shule ambalo wengi wetu tulilidharau. Tulitaka kujifunza namna ya kufundisha hesabu na kusoma; badala yake mkufunzi alitusimamisha mbele ya kabati la mbao na kutufundisha kupanga barua. Barua ikifika, alisema, ipigwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Iandikwe katika daftari la barua zinazoingia: tarehe, nambari ya kumbukumbu, imetoka kwa nani, yahusu nini. Ipelekwe kwa mwalimu mkuu, aisome, aandike pembeni hatua ya kuchukuliwa. Na hapo tu ndipo itobolewe tundu na kufungwa ndani ya jalada lake. Hakuna hatua iliyoruhusiwa kurukwa. Sisi tulicheka chini chini. Thamani ya kabati lile niliielewa nilipokuwa mwalimu mkuu. Thamani ya neno lile dogo, "aisome", niliielewa nikiwa mzee wa miaka 71, nimekwisha kustaafu, na barua zangu hazipiti tena katika kabati lolote.

Niliongoza shule tatu za msingi mkoani Morogoro hadi nilipostaafu mwaka 2010. Kila shule niliyohamishiwa nilikuta jalada moja lililonenepa kuliko yote, nalo liliandikwa "Mengineyo". Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za chaki, malalamiko ya wazazi, mialiko ya sherehe zilizopita, na mara moja nilikuta humo barua ya uhamisho wa mwalimu ambaye alikuwa angali anafundisha pale pale, hajui kwamba alitakiwa kwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa aliyeiandika amekuwa mvivu wa kuipa jina.

Nasimulia haya ili msomaji ajue kwamba mimi si mtu wa fujo. Niliyoyafanya baadaye sikuyafanya kwa kukosa utaratibu. Niliyafanya kwa kuupenda utaratibu mno.

Anwani yangu ya barua pepe nilifunguliwa mwaka 2006 na kijana mmoja wa duka la intaneti mjini Morogoro. Miaka ile ya kwanza nilikwenda pale mara moja kwa wiki mbili, nikalipia nusu saa, nikakuta barua nne au tano, nikazisoma zote kwa furaha ile ile ya kufungua sanduku la posta. Kisha wanangu walininunulia simu ya kisasa, na barua zikaanza kunifuata hadi kitandani. Walimu wastaafu wa wilaya yetu wakanichagua kuwa katibu wa umoja wao, na anwani yangu ikaandikwa chini ya kila karatasi tuliyoitoa. Duka nililonunua taa ya sola likaniandikia kila siku kunipongeza. Mtandao ambao mjukuu wangu mmoja aliniandikisha kwa mzaha ukawa unanijulisha kila mtu aliyebadilisha picha yake. Haba na haba hujaza kibaba. Changu kilijaa, kikafurika. Mwezi Februari mwaka 2021 kikasha changu kilikuwa na barua 14,316, na zaidi ya 9,000 kati ya hizo sikuwa nimezifungua.

Baadhi ya vijana husema kwamba jambo hili halina madhara, kwa kuwa barua za kompyuta hazijazi chumba. Ni kweli hazijazi chumba. Ray Tomlinson, mhandisi wa Kimarekani aliyetuma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao mwaka 1971, mwaka ule ule niliokuwa nasimama mbele ya kabati la chuo, alifanya kazi katika mtandao wenye kompyuta chache mno. Ilipofika mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja alikwisha kutuma tangazo la biashara kwa watu mia kadhaa wa mtandao huo kwa mkupuo, nao wakakasirika. Na mwezi Aprili mwaka 2004 ilipoanzishwa huduma ya Gmail, iliwapa watu nafasi ya gigabaiti 1 bure, kubwa kuliko walivyozoea, na kuwaambia kwamba hapana haja tena ya kufuta barua. Tangu hapo mwanadamu hakulazimika kuchagua. Karatasi ilitulazimisha: kabati likijaa ulikaa chini siku nzima, ukaamua kipi kibaki na kipi kichomwe. Kikasha cha leo hakikulazimishi kuamua lolote, na mambo yasiyoamuliwa hayaishi, yanangoja tu.

Basi mwezi huo mjukuu wangu wa kike, mwanafunzi wa uhasibu, alikuja kwetu likizo. Aliniona nikihangaika kuitafuta taarifa moja ya benki kwa kushuka na kidole, ukurasa baada ya ukurasa.

"Babu," akasema, "hivi shuleni kwako ulikuwa unatafuta barua kwa namna hii?"

Nikamwambia kwamba shuleni kwangu ningekuwa nimekwisha kumwandikia onyo mtu anayetafuta barua kwa namna hiyo. Akacheka, akavuta kiti.

Kazi yetu ilichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza hatukugusa barua moja moja. Alinionyesha kwamba ukimtaja mwandishi katika sehemu ya kutafutia, kompyuta hukuletea barua zake zote kwa pamoja. Lile duka la sola peke yake lilikuwa na barua 3,112. Tulizifuta zote kwa mara moja. Kisha akafungua moja iliyobaki kwenye pipa, akashuka hadi chini kabisa ambako pana maandishi madogo ya kujiondoa katika orodha, akanitoa. Tulifanya hivyo kwa waandishi kumi na wanane. Usiku ule tulipolala zilibaki barua chini ya 5,000. Huo ndio ushauri wa kwanza ninaompa mzee yeyote anayenijia na tatizo hili: usianze kwa kupanga. Anza kwa kuwakataa wale wasiokuandikia wewe bali wanaoandikia anwani yako.

Jioni ya pili tulifungua majalada. Hapa palikuwa na jambo geni kwangu. Barua ya karatasi hukaa katika jalada moja tu. Ikiwa yahusu fedha na pia ujenzi, inabidi uchague, au uinakili. Katika kikasha changu kile kinachoitwa jalada kwa kweli ni lebo inayobandikwa juu ya barua, na barua moja yaweza kubandikwa lebo mbili au tatu, ikaonekana kote, nayo ni ile ile moja. Nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kufungua majalada ishirini. Mjukuu wangu akanizuia kwa heshima: "Babu, ukiwa nayo ishirini utasahau uliweka wapi." Tukakubaliana saba. Niliyaita Umoja, Benki, Afya, Familia, Wanafunzi wa Zamani, Michango, na Kumbukumbu. Nilikataa katakata kuwa na "Mengineyo".

Jioni ya tatu alinifundisha vichujio. Kichujio ni agizo unaloliacha mlangoni. Unaieleza kompyuta: barua ikija yenye sifa hii, ifanyie hivi. Sifa yaweza kuwa anwani ya mwandishi, au maneno yaliyo katika kichwa cha barua, au neno lolote lililo ndani yake. Na hatua zaweza kuwa nyingi: bandika lebo, weka nyota, isiingie kikashani, iwekewe alama kwamba imekwisha kusomwa, ifutwe kabisa. Agizo likishaandikwa hufanya kazi usiku na mchana, halichoki wala haliendi likizo. Tuliandika vichujio vinne pamoja, vyote vya anwani: barua za benki ziende Benki, za umoja ziende Umoja, na kadhalika. Kisha likizo yake ikaisha, akarudi chuoni.

Kichujio cha tano nilikiandika mwenyewe.

Yafaa nieleze sababu yake, maana wasomaji wa rika langu wataielewa. Mtu aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi anajulikana na kila mtu, na kila mtu huamini kwamba ana akiba. Wiki haikupita bila kamati ya harusi, kipaimara, ujenzi wa uzio au safari ya kwaya. Wengine walikuwa matapeli kabisa, watu nisiowajua wakijiita wanafunzi wangu na kuomba nitume fedha kwa nambari fulani. Pensheni yangu haikui. Nilichoka kukataa, kwa sababu kukataa nako ni kazi, na kunaumiza. Basi nikaandika agizo: neno "mchango" au neno "msaada" likionekana popote katika barua, barua hiyo isiingie kikashani, iwekewe alama kwamba imesomwa, iende katika jalada la Michango. Nilijiambia kwamba nitalifungua jalada hilo kila mwisho wa mwezi, nichague wa kumpa.

Sikulifungua. Kikasha kilikuwa kimetulia mno. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikakuta barua tatu, nikazijibu, nikanywa chai. Niliwasifia wenzangu wa umoja utaratibu huo na hata niliwafundisha wawili. Nakiri kwamba kwa miezi sita nilijiona nimerudi katika ofisi yangu.

Mwezi Agosti mwaka huo mhasibu wa umoja aliniuliza tarehe tuliyotuma rambirambi kwa familia moja. Nikakumbuka kwamba stakabadhi ya namna ile huenda imechujwa, nikafungua jalada la Michango kwa mara ya kwanza. Mlikuwa na barua 163, zote zimewekewa alama ya kusomwa. Nikashuka nazo taratibu. Harusi, harusi, kwaya, tapeli, harusi. Kisha jina la mtu niliyefanya naye kazi zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Nikashuka tena, nikaliona jina lile mara ya pili. Na mara ya tatu.

Kumweleza mtu huyu yanipasa kurudi nyuma. Mwezi Novemba mwaka 1974 lilitolewa Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote wa rika la shule wawe madarasani ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuja, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakijifunza ualimu hapo hapo kazini, kwa masomo ya radio na ya posta na kwa msaada wa wakufunzi waliowazungukia. Mmoja wao aliletwa kwangu mwezi Januari mwaka 1977 katika shule ya kijiji wilayani Kilosa. Alikuwa na miaka 16, suruali moja, na mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi nilikuwa na miaka 26. Alifundisha darasa la kwanza lenye watoto tisini chini ya mwembe. Mwaka 1978 hakufika kazini siku tatu bila ruhusa, nami nikamwandikia barua ya onyo. Aliniambia alikuwa akimuuguza baba yake. Nikamwambia angetuma taarifa kwa maandishi. Onyo likabaki. Nilimfundisha pia kuandika barua rasmi: anwani kulia, Kumb. Na., na kichwa kinachoanza na Yah., kinachosema jambo lenyewe bila kuzunguka.

Barua yake ya kwanza ilikuwa ya tarehe 9 Machi. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa kama nilivyomfundisha: YAH: OMBI LA MSAADA WA BARUA YA UTHIBITISHO. Alikuwa amestaafu mwaka 2020. Ofisi iliyokokotoa mafao yake ilikuwa na kumbukumbu zake tangu mwaka 1980 tu; miaka mitatu ya mwanzo haikuonekana. Aliambiwa alete uthibitisho wa mwalimu mkuu aliyempokea. Nambari yangu ya simu aliyokuwa nayo ilikwisha kufa, lakini anwani ya barua pepe aliipata katika karatasi ya umoja wetu. Hakuwa akiniomba hata senti moja. Aliniomba ukurasa mmoja wa maneno ya kweli.

Ya pili ilikuwa ya tarehe 20 Aprili, fupi, ikikumbushia ya kwanza. Ya tatu ilikuwa ya tarehe 14 Juni: "Mwalimu Mkuu, naona una shughuli nyingi. Samahani kwa usumbufu wa kukuomba msaada." Hapakuwa na zaidi.

Nilikaa na simu mkononi hadi mke wangu akaja kuniuliza nani amefariki.

Siku ya pili yake nilipanda basi la Kilosa kupitia Dumila. Sikwenda kwake kwanza; nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa, mama kijana, alinipokea vizuri, akanitolea kitabu cha matukio ya shule kutoka chini ya rafu. Mchwa walikuwa wamekula pembe zake, na kurasa za mwaka 1975 zilishikamana kwa maji. Lakini ukurasa niliouhitaji ulikuwapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Jumatatu, tarehe 17 Januari 1977, mwalimu mpya ameripoti kazini, amepangiwa darasa la kwanza. Kitabu kile hakina majalada wala vichujio. Kina tarehe tu, na mambo yote yamo ndani yake kwa jinsi yalivyotokea, harusi na misiba, mvua iliyong'oa paa na mwalimu mpya. Ukitaka kuona jambo moja inakubidi upite juu ya mengine yote.

Nilimkuta nyumbani kwake, ameketi nje akichambua maharage. Akainuka.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibu kiti."

Alimwita mjukuu alete chai. Hakuniuliza chochote hadi nilipomaliza kikombe. Ndipo nikamweleza, na nilivyokuwa nikieleza nilisikia jinsi maneno yangu yalivyo mepesi: kompyuta, kichujio, jalada. Alinisikiliza kwa adabu. Mwishoni akasema:

"Mimi nilidhani jalada langu ulilifunga tangu mwaka 78."

Nikamwambia la hasha, sikuliona jina lake, mashine ndiyo iliyozuia.

"Mashine ilinijuaje?"

"Haikukujua. Ilijua neno 'msaada'."

Akafikiri kidogo. "Kumbe kosa langu ni kuandika Yah. kama ulivyonifundisha."

Hakusema kwa ukali. Mimi ndiye niliyeangalia chini.

Nilipomwuliza suala lake limefikia wapi, alinieleza kwamba mwezi Mei mke wake alilazwa, na mwezi Julai, akiwa amechoka kungoja, alitia sahihi kukubali hesabu ile pungufu ili apate fedha. Hata hivyo kabla ya fedha hizo kutoka alikuwa amekwisha kuuza ekari moja ya shamba. Alininyooshea kidole kunionyesha. Lilikuwa jirani tu, ng'ambo ya mfereji, na mahindi ya mnunuzi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Niliandika barua ya uthibitisho pale pale kwa mkono, na nakala ya ukurasa wa kitabu ikaidhinishwa mjini Kilosa. Suala likafunguliwa upya, na mwaka 2022 alilipwa tofauti ya miaka ile mitatu. Mke wake alipona. Ekari haikurudi.

Nimeitafakari habari hii kwa muda mrefu, kwa sababu sikutaka kuimaliza kwa kulaumu kompyuta, ambayo ilinitii kuliko msaidizi yeyote niliyepata kuwa naye. Kosa lilikuwa mahali pawili.

La kwanza ni la lugha. Niliporudi nyumbani nilichunguza ni nani hasa aliyezuiwa na agizo langu na ni nani aliyepita. Niligundua kwamba kichujio changu kilitafuta neno kamili, "mchango" na "msaada", basi. Lakini Kiswahili hakikai na neno lake limesimama wima. Aliyeandika "tunakukaribisha kuchangia" alipita. Aliyeandika "tuchangie", "michango", "mchangiaji", "unisaidie", "misaada", wote walipita. Ndiyo maana kamati za harusi hazikukatika kabisa, nami nilishangaa bila kuelewa. Waliozoea kuomba wana maneno mengi ya kuombea. Aliyenaswa ni yule asiyezoea, aliyelitaja jambo lake kwa jina lake, tena katika kichwa cha barua. Mama anayechekecha unga hutikisa chekeche huku macho yake yako juu yake. Akiona kokwa nzuri imebaki juu na makapi, huiokota. Chekeche langu lilikuwa likijitikisa lenyewe ndani ya chumba chenye giza.

La pili ni la moyo, nalo ni kubwa zaidi. Nilipoweka ile alama ya "imesomwa" juu ya barua ambazo hazijasomwa, nilisema uongo, nikauambia nafsi yangu. Mwaka 1971 mkufunzi wetu hakuturuhusu kufungia barua katika jalada kabla ya kuisoma, na sasa naona kwamba hakuwa akituzuia kwa ajili ya unadhifu. Kupanga ni kuamua, na mtu hawezi kuamua jambo ambalo hajalisikia. Watu huniambia: kwa nini usitegemee sehemu ya kutafutia? Andika jina, barua itakuja. Ni kweli, na siku hizi naitumia sana; imenipunguzia hata haja ya majalada mengi. Lakini kutafuta kunakupatia kile unachojua kwamba kipo. Nisingeweza kulitafuta jina la mtu ambaye sikujua kwamba ameniandikia.

Kikasha changu bado kina majalada na vichujio. Sikurudi kwenye zile barua 14,316, wala simshauri mtu arudi huko; katika fujo ile barua ya mwenzangu ingeweza kupotea vile vile. Nilibadili mambo machache tu. Vichujio vyangu vyote sasa ni vya anwani, hakuna hata kimoja cha neno. Hakuna kinachoruhusiwa kuweka alama ya kusomwa. Kinachoondoa barua kikashani ni kile cha matangazo tu, na cha waandishi ninaowajua kwa majina. Majalada yamebaki manne, na moja linaitwa Kujibu. Barua haitoki humo mpaka nimejibu, hata ikiwa jibu ni "samahani, sina". Kukataa kumerudi kuwa kazi yangu, na bado kunaumiza. Na kila Ijumaa jioni, baada ya taarifa ya habari, nafungua kila jalada, pamoja na lile la barua taka, kwa sababu hilo katika kikasha changu hujifuta lenyewe baada ya siku 30. Huchukua dakika ishirini. Aghalabu sikuti kitu. Mara mbili nimekuta watu.

Mjukuu wangu sasa ni mhasibu, na huniambia kwamba utaratibu wangu unakwenda polepole. Nakubali. Nimemwambia kwamba ofisini kwake aweke utaratibu wa haraka kwa risiti, na wa polepole kwa watu.

Yule mwenzangu huniandikia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Anwani yake nimeiwekea kichujio chake pekee: barua yake ikija, iwekwe nyota. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba mvua zimechelewa Kilosa na kwamba mke wake anawasalimu. Juu aliandika, kwa herufi kubwa, YAH: SALAMU. Nilimjibu usiku ule ule.